Acte Iko, Lakini Haionekani

Bukavu, Jumapili, saa nane mchana

Mwanangu Ansima,

Umekwenda Nyalukemba kuaga wenzako mnaoimba nao chorale, na papa yako amejifungia chumbani na valise yako, anaifungua na kuifunga kwa mara ya nne. Habari za passeport, kadi ya chanjo, simu ya shangazi wa Kigali atakayekupokea kabla ya ndege, yote hayo amekuimbia tangu wiki iliyopita, sitayarudia. Mimi nina neno lingine, na nina hasira. Nakuambia mapema usije ukasoma ukidhani ni majonzi ya mama anayebaki. Majonzi ninayo, nimeyaweka kando kwanza.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kifaransa ni lugha niliyosainia karatasi kwa miaka ishirini na miwili, na moja ya karatasi hizo ndiyo inayonikalisha hapa leo.

Kesho unavuka mto Ruzizi kwenda kufanya kazi katika kampuni ambayo, kama ulivyotueleza mezani, inatengeneza système za serikali, mifumo ya kompyuta: vizazi, ardhi, kodi. Ulikuwa na furaha nyingi, sikutaka kuiharibu. Ulisema, "Maman, tunaweka yote mu cloud, hakuna kitu itapotea tena." Nikaendelea kumenya ndizi. Ulifikiri sikuelewa. Nilielewa, Ansima. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti hiyohiyo, mbele ya watu walionizidi umri.

Wewe unaamini nilichukua retraite, nikastaafu. Ndivyo tulivyokuambia, papa yako na mimi, ulipokuwa chuoni na mitihani mbele yako. Si kweli. Nilifukuzwa. Na waliponifukuza walikuwa na sababu ya haki mikononi, kwa sababu nilikuwa nimesema uongo kwa maandishi, na muhuri juu yake. Nataka uisikie habari hiyo kutoka kwangu, na uisikie yote.

Unaikumbuka ofisi yetu ya vizazi na vifo, ulikuwa unakuja kuningojea pale baada ya masomo. Unakumbuka vile vitabu vikubwa vyenye mgongo wa kitambaa, na harufu yao ya vumbi na mkojo wa panya. Usifikiri nakuja kuvisifu. Nimeona mvua ikiingia na kufuta familia nzima kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Nimeona ukurasa uliochanwa kwa sababu mtu mkubwa alitaka kupunguza umri wake. Walipotuambia mradi unakuja na mashine, nilifurahi kama mtu anayeambiwa maji yatafika nyumbani kwake. Kutaka mashine hakukuwa kosa langu. Bado nazitaka.

Walitupeleka kwenye hoteli kando ya ziwa kwa mafunzo ya siku tano. Mtaalamu alitoka Kinshasa, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, mpole kweli, sina neno baya juu yake. Akatuonyesha ukutani jinsi acte, cheti cha kuzaliwa, itakavyoandikwa kwenye ordinateur, yaani kompyuta, kisha itapanda na kukaa kwenye "nuage", wingu, kwenye mashine za kampuni ya ng'ambo iliyoshinda zabuni hiyo. Muzee Murhula, na sweta lake lililotoboka kiwiko, akanyoosha mkono. Alikuwa mwandishi wa zamani kuliko sisi sote, mwandiko wake ulikuwa mzuri hata watu walikuja kumwomba awaandikie kadi za harusi.

"Hilo wingu, iko yulu ya inchi gani?"

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akatabasamu. "Muzee, wingu haina inchi."

"Bon. Kama haina inchi, siku tutagombana nayo, tutaiita ku tribunal gani?"

Ansima, nilicheka kuliko wote. Nilicheka kwa sauti, ili yule kijana wa Kinshasa aone kwamba katika chumba hiki yuko angalau mama mmoja anayejua dunia imefika wapi. Swali lile la mahakama halikujibiwa. Tukaenda kunywa chai.

Siku ya mwisho walihitaji mtu wa kuwa administrateur, msimamizi wa système kwa ofisi yetu. Wakanichagua mimi. Nilipewa code yangu ya kuingilia na kadi ya kuvaa shingoni, wewe ukanipiga picha nikiwa mlangoni. Nikasaini karatasi nyingi siku ile. Moja ilikuwa na kurasa thelathini na mbili, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nilisoma ukurasa wa kwanza na ule wa kusaini. Mimi, niliyekuwa nawafokea watu kaunta kwa kutosoma wanachosaini.

Kwa karibu mwaka mzima tulikaa tunaingiza vitabu kwenye mashine, mimi na wasichana wawili. Kitabu kikiisha kinapigwa msalaba wa rangi nyekundu, kinawekwa kwenye karton. Mradi ulisema karatasi zilizokwisha kuingizwa "ziondolewe", kwani nafasi ilihitajika kwa ajili ya batri na meza mpya. Hakuna aliyeuliza ziondolewe ziende wapi. Mwaka uliofuata nilinunua karanga sokoni Kadutu, nikafungua kile kikaratasi, ndani yake nikasoma jina la mtoto, jina la mama yake, kitongoji, saa aliyozaliwa. Nilikula zile karanga. Nakuambia kila kitu leo: nilisimama pale, nikashtuka kidogo, kisha nikazila, nikajiambia kwamba hata hivyo yote yamo kwenye mashine.

Na kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jambo baya zaidi.

Muzee Murhula alikuwa anachukua vitabu kutoka kwenye karton na kuvipeleka kwake. Kimoja leo, kimoja wiki ijayo, ndani ya mfuko wa mchele. Msichana mmoja wa ofisi alimwona, akaniambia. Ningeweza kwenda kumuuliza. Nilimjua zaidi ya miaka kumi na tano, alikuja msibani kwa mama yangu, alibeba mwenyewe mbao za jeneza kwa sababu gari lilikwama. Badala yake niliandika rapport. Ukurasa mmoja, Kifaransa safi, "détournement de documents officiels", wizi wa hati za serikali. Chef, mkuu wetu wa ofisi, akaita polisi. Walikuta vitabu kumi na kimoja chini ya kitanda chake, vimefungwa kwa plastiki, kimoja kimoja, kama mtu anavyofunga nguo za Krismasi. Wakavirudisha kwenye karton. Murhula akafukuzwa miaka mitatu kabla ya pensheni.

Alipokuja kuchukua kalamu zake alipita mezani kwangu. Sikuinua macho. Alisema tu, "Maman Ansima, nilikuwa navilinda," akaenda.

Mwisho wa mradi nikasaini rapport ya mwisho: vitabu vyote vimeingizwa, asilimia mia moja, hakuna acte hata moja iliyopotea. Wakanipigia makofi. Kikaja cheti chenye fremu, ndicho kile papa yako alichokishusha ukutani ukadhani tunapaka rangi.

Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri, lazima niseme ukweli. Mtu anakuja asubuhi, mchana ana acte yake. Halafu Jumatatu moja nikawasha mashine, nikaandika code yangu, kioo kikaniambia kwa Kifaransa kizuri: huduma imesimamishwa katika eneo lenu, tafadhali wasiliana na administrateur wenu.

Administrateur wetu nilikuwa mimi.

Nilikaa nikisoma jina langu mwenyewe pale chini. Nikapiga simu Kinshasa. Wizara wakasema ni shauri la kampuni. Nikaandikia kampuni, likanijibu jina la kike ambalo sijui kama lilikuwa la mtu au la mashine, likisema shauri hilo ni la wizara. Baada ya wiki tatu ndipo tulipoelewa kilichotokea. Ile kampuni ilikuwa imeuzwa kwa kampuni kubwa zaidi. Wenyewe wapya walitazama ramani, na mahali tulipo sisi palikuwa pamepakwa rangi nyekundu: eneo la vita, hatari kwao mbele ya sheria za kwao. Kwa hiyo wakafunga. Hawakutuchukia. Ndicho kinachonichoma hadi leo, Ansima, hawakuwa hata na hasira nasi. Mwanasheria mmoja ambaye hajapata kuliona ziwa hili alibonyeza mahali, akaenda kula, na majina ya watoto wa mji mzima yakabaki upande wake wa mlango.

Na ile karatasi ya kurasa thelathini na mbili? Nikaitafuta, safari hii nikaisoma yote. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema wana haki ya kusimamisha huduma wakati wowote wakiona hatari, bila taarifa. Mashauri yote yatahukumiwa huko kwao. Murhula alikuwa ameuliza tribunal gani. Jibu lilikuwepo siku ileile, mkobani mwangu, na saini yangu juu yake.

Sasa nakuja kwa Mapendo.

Mwezi wa pili tangu système ifungwe, alikuja mama mmoja anaitwa Nabintu. Alitoka Kamanyola kwa lori la mpunga. Alisimama kaunta akiwa ameshika mfuko kifuani kwa mikono miwili, akangoja mpaka watu wote waondoke.

"Maman, unisaidiye. Niko natafuta acte ya mutoto wangu Mapendo. Alizaliwa hapa Bukavu, mbele ya kuhamia Kamanyola. Papa yake mwenyewe alikuja kumuandikisha."

Nikamwambia système imefungwa, arudi baada ya wiki mbili. Ndivyo tulivyowaambia wote.

"Wiki mbili ni mingi," akasema. "Batamumaliza."

Mume wake alikuwa amekwenda Shabunda kuchimba dhahabu, shimo likamfunika. Mdogo wa marehemu, ambaye watoto walimwita tonton, akajifanya mkuu wa nyumba. Akamtoa Mapendo kwa mfanyabiashara mmoja wa dhahabu, mtu mwenye pikipiki tano na wake wawili, mahari ikaliwa. Msichana alikuwa na miaka kumi na minne. Nabintu alikwenda mahakamani peke yake, mama asiyejua kusoma. Mfanyabiashara naye akaja na avocat, wakili wake. Avocat akasema msichana ana miaka kumi na tisa, ameolewa kwa ridhaa ya familia, na kama mama anabisha alete acte ya kuzaliwa. Nakala ya acte na kadi ya chanjo zilikwenda na mafuriko. Kanisa lao dogo halikuwa na kitabu cha ubatizo. Maternité alikozaliwa, ile hospitali ya uzazi, ilikuwa imefungwa zamani.

Nilipolisikia jina kamili la msichana, niliweka kalamu chini. Nilimkumbuka. Niliingiza maelfu ya majina, nimeyasahau karibu yote, lakini yule nilimkumbuka kwa sababu alizaliwa siku yako, mwezi wako, miaka sita baada yako. Siku ile nilipokuwa namwingiza nilisimamisha vidole, nikatabasamu, nikakuwaza. Tarehe ilikuwa kichwani mwangu kama ya kwako ilivyo.

Nikaenda naye kwa hakimu. Mimi mwenyewe, na kadi yangu shingoni. Hakimu alikuwa mtu wa haki, mchovu, meza yake ilikuwa imejaa mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni.

"Madame, acte iko ao haiko?"

"Iko, Monsieur le juge."

"Bon. Ilete."

"Haionekani. Système imefungwa."

"Njo kusema haiko?"

"Iko, lakini haionekani."

Akavua miwani. "Sikia, maman. Kama haiko, ofisi yenu iniandikie attestation ya kusema haiko, mimi nisikilize bashahidi, nitoe jugement ya kushika nafasi yake. Sheria inaniruhusu. Kama iko, niletee yenyewe. Sasa weye unaniletea acte yenye iko na haiko. Hiyo sheria yake sina."

Nikamwambia mimi niliiona kwa macho yangu, naijua tarehe. Avocat wa yule mtu akacheka, akasema, "Tangu lini kichwa ya secrétaire iko registre ya serikali?"

Nikatoka nje na Nabintu. Hakulia. Alikaa kwenye ngazi za mahakama, akafungua mfuko wake, akanipa nyanya nne, kama asante kwa kumsindikiza.

Nilingoja karibu miezi miwili nikipiga simu Kinshasa, ndipo nikaenda kwa Muzee Murhula. Nilikuwa sijawahi kukanyaga kwake tangu rapport. Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, ngazi za udongo, mvua ilikuwa imezila nusu. Mke wake alinifungulia, akanitambua, akaniacha mlangoni. Muzee akatoka na sweta lilelile lililotoboka kiwiko. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Nilipofungua mdomo yalitoka yale mengine, nikamweleza habari za Mapendo, mwaka, kitabu.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hicho kitabu nilikuwa nacho," akasema. "Kilikuwa cha tatu kutoka ukutani, chini ya kitanda. Mimi njo niliandika huyo mutoto. Papa yake alikuwa anacheka-cheka, alikuwa na furaha ya kupata binti." Kisha akanitazama. "Weye uliita bapolisi, Maman Ansima."

Nikasema ndiyo. Nikasema nisamehe. Sijui kama alinisamehe. Aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu, nikafikiri amenifukuza. Akarudi amevaa koti lake la ofisi, lile la kijivu.

"Tribunal inafungua saa ngapi kesho?"

Basi nikafanya nilichofanya. Asubuhi nikafungua ofisi kabla ya wengine, nikachukua karatasi, nikaandika kwa mkono wangu: mimi niliyesaini hapa chini nathibitisha kwamba baada ya kutafuta, ofisi yetu haina acte yoyote ya kuzaliwa kwa jina la mtoto huyu. Uongo. Nilijua iko. Nikagonga muhuri. Nakuambia bila aibu kwamba muhuri ule ndio pekee katika miaka ishirini na miwili ambao mkono wangu haukuugonga kwa mazoea.

Hakimu alikumbuka nilivyosema mwanzoni, lakini karatasi aliyoiomba ilikuwa mbele yake, akaipokea. Akamwita Murhula kama shahidi. Muzee akasimama na koti lake, akaeleza siku ile, hali ya hewa, jinsi papa wa mtoto alivyokosea kutaja jina la mama mkwe na wakacheka pamoja, wino uliokuwa unavuja. Avocat alijaribu kumvuruga mara tatu, hakuvurugika. Hakimu akaandika kwamba Mapendo ana miaka kumi na minne, arudishwe kwa mama yake siku hiyohiyo, na yule mtu na tonton wafunguliwe mashtaka.

Alirudi. Alikuwa amekaa kwa yule mtu miezi mitano. Sitakuandikia alirudi vipi, wewe ni mwanamke, utaelewa. Nitakuambia hili tu: miwili kati ya miezi ile mitano ilikuwa yangu. Kama ule ukurasa ungekuwepo siku Nabintu alipofika kaunta, msichana angelala kwa mama yake juma lilelile.

Na yule avocat hakulala. Aliandika kwa wakubwa wangu, akaambatanisha rapport yangu ya mwisho ya mradi. Sijui aliipata wapi. Asilimia mia moja, hakuna acte hata moja iliyopotea, saini yangu. Na pembeni yake attestation kwamba acte haiko, saini yangu tena. Walinikalisha mbele ya watu watano, wakaweka karatasi mbili mezani, wakaniuliza ipi ni ya uongo. Nikawaambia ya pili ndiyo ya uongo, na ya kwanza ndiyo iliyofanya ubaya. Wakaandika kwamba nimekiri.

Kati ya wale watano hakuna aliyeuliza kwa nini serikali nzima ilikuwa inamwomba mtu wa mbali ruhusa ya kujua watoto wake wana umri gani. Hicho ndicho kinachonitoa usingizini mpaka leo, kuliko kufukuzwa. Tulipewa nchi, tukashindwa hata kuweka daftari lake mahali petu. Tukapanga chumba kwa mwenye nyumba tusiyemjua, tukamwachia ufunguo, kisha tukauza kuta za nyumba yetu wenyewe zifungie karanga. Na waliosaini huko juu wapo bado, wanasaini mengine. Na pamoja na yote mji huu uliyoyaona tangu hapo, ambayo sitayaweka kwenye karatasi, nikisikia mtu anasema "hakuna kitu itapotea tena" damu inanipanda kichwani. Hata akiwa wewe. Hasa akiwa wewe.

Sikuzuii kwenda. Papa yako aliogopa nitakuzuia, ndiyo maana anazunguka na hiyo valise. Nenda. Wewe unajua kutengeneza vitu ambavyo mimi nilijua kuvitumia tu, na kama watu kama wewe hawapo ndani ya vyumba vile, basi wamebaki wale wa ramani nyekundu peke yao. Lakini nataka ujue kilichonidanganya mimi. Yule kijana wa Kinshasa hakunidanganya. Nilidanganywa na hamu ya kutoonekana mshamba. Nilikuwa tayari kumcheka muzee aliyeuliza swali zuri, kwa sababu aliliuliza kwa Kiswahili na sweta lake lilikuwa limetoboka.

Utakutana naye huko, Ansima. Atatoka nchi nyingine, atakuwa na jina lingine, labda atakuwa mama mnene mwenye kadi shingoni. Katikati ya mafunzo atanyoosha mkono, atauliza kitu ambacho kitafanya chumba kicheke: nakala yetu inabaki wapi, nani ana ufunguo, tukigombana tunatoka na nini mkononi. Wewe usicheke. Na kama jibu unalijua, na wakubwa wako hawataki lisemwe, liseme. Utaumia. Mimi niliumia, na kwa kosa kubwa kuliko hilo, na bado nakula, nalala, nakwenda misa.

Muzee Murhula yu hai. Kila Jumatano asubuhi tunakaa pamoja kwenye veranda ya maternité iliyo karibu na kwake, tunaandika watoto waliozaliwa wiki hiyo kwenye daftari tulilolipiga mistari wenyewe. Halina nguvu yoyote ya kisheria. Wauguzi wanatucheka kidogo. Tunaandika nakala mbili, moja inabaki kwao, moja kwake. Ndiyo shughuli uliyodhani ni ya kikundi cha sala.

Mapendo mwaka huu amefikisha miaka kumi na minane. Anajifunza kushona kule Kamanyola. Aliniletea kitambaa cha meza mwezi uliopita, kile cha buluu, alikaa hapa saa nzima na alisema labda maneno kumi.

Na sasa jambo la mwisho, kisha niende kumnyang'anya papa yako hiyo valise.

Miezi kumi na mmoja baada ya kioo kuzimika, nikiwa nimekwisha kufukuzwa, nilipata ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa ile kampuni. Walisema wanafurahi kunijulisha kwamba huduma imerejeshwa katika eneo langu. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kufuta code yangu. Nikaingia, nikaandika jina la Mapendo. Hata sikumaliza kupumua: jina, jina la papa, jina la maman, siku yako, mwezi wako, mwaka wake. Yote yalikuwepo, safi, hakuna herufi iliyogusika. Yalikuwa pale muda wote, hata zile siku zote alizokuwa kwa yule mtu.

Chini ya ule ujumbe walikuwa wameweka nyota tano tupu, wakiniomba nibonyeze ngapi nawapa kwa jinsi walivyonihudumia.

Sijabonyeza. Ujumbe upo hapa kwenye simu yangu, bado unasema unangoja maoni yangu. Ukishapewa meza yako huko na kiti chako, niandikie, nitakutumia. Hata kama kampuni yako si ileile, wewe sasa uko upande wao wa mlango. Uwajibu.

Nimesema. Mvua imeanza, na nasikia sauti yako kwenye ngazi.

Mama yako aliyekuandikisha kwa mkono wake mwenyewe,

Zawadi